Siku Moraa Alipoitwa Kerubo

Siku zetu sisi, mtoto akiitwa aliitika. Hakuuliza "nini?" wala hakunyamaza akisubiri aitwe tena. Ungeweza kuwa juu ya mpera, au unateleza mteremkoni juu ya gogo la mgomba, matope hadi masikioni, lakini ukisikia jina lako unaitika "Ee, mama" huku miguu imeshaanza kukimbia. Mama yangu alikuwa na neno lake: "Itika kwanza, kulia utalia baadaye." Wajukuu wangu leo nikiwaita huninyooshea kidole kimoja, macho kwenye simu, mfano wa chifu anayetuliza baraza. Wengine wameziba masikio kabisa kwa vidude vya muziki, na mama zao wanasema tuwaache, wanapumzika. Wanapumzika kutoka kazi gani, sijaambiwa.

Lakini sikuja kuwasifu wazee pia. Nawasikia watu wa rika langu wakiketi pale Nyamira mjini na masweta yao, wakiwaambia vijana kwamba sisi tulilelewa kwa chakula halisi, wimbi na chinsaga, ndiyo maana mifupa yetu ni migumu. Chinsaga ilikuwapo, sikatai, mboga chungu iliyolala chunguni na maziwa mpaka ikalainika. Aliyeila ni baba na wageni wake. Mayai yalikwenda soko la Magwagwa siku ya soko, na kuku akifuatwa na mtoto alifukuzwa mtoto. Mama zetu walikuwa kwenye pareto tangu umande haujakauka, wanachuma yale maua meupe hadi jua linainama, na mtoto aliyetoka kuachishwa ziwa alibaki nyumbani na ndizi ya kuchemsha na uji mwepesi wa kuonea uso. Hicho ndicho chakula halisi wanachojivunia.

Basi mwanzoni mwa miaka ya sabini akaja Sista. Jina lake hatukulijua, alikuwa Sista tu, muuguzi mrefu wa kutoka mbali, gauni la buluu na viatu vya kamba. Gari lilimwacha barabarani naye akaupanda mlima wetu kwa miguu, akiingia kila boma lenye mja mzito au mtoto mdogo. Alitazama choo, akatazama maji ya kunywa, akafunua sufuria aone mmepika nini. Alining'iniza mzani wake kwenye boriti na kuwapima watoto wakipiga mateke. Kisha alikoroga maziwa ya unga kikombe kimoja, mama aone yanavyokorogwa, mtoto akanywa. Aliyekuwa na mtoto dhaifu aliachiwa mfuko mzima, na Sista akaahidi kurudi kumwona.

Sasa utadhani akina mama wa mlima ule waliwatoa watoto wao dhaifu mbio. Thubutu. Naibu wa chifu alikuwa ametangaza kwamba Sista atamwambia ni boma la nani lililo safi na lenye watoto wenye afya, na mwenye boma hilo atatajwa mbele ya watu wote. Kutajwa tu. Hakuna mbuzi, hakuna blanketi. Kwa ajili ya kutajwa, wanawake wenye akili zao timamu walijenga vichanja vya vyombo wakavipamba kwa majani, na kwa kuwa sahani nzuri zilikuwa chache, sahani zile zile zilikimbizwa kupitia migombani kutoka boma hadi boma wakati Sista anazunguka na njia kubwa. Vyoo vilichimbwa vikafagiliwa, na mtu akikutwa anataka kuvitumia aligombezwa. Sista alikuwa akiongea Kiswahili, na wao walijua kile cha sokoni tu, kwa hiyo kila swali lilipata jibu moja: mzuri sana. Mnakunywa maji ya mto? Mzuri sana. Mtoto anaharisha? Mzuri sana.

Zaidi ya sahani, waliazimana Moraa.

Moraa alikuwa mtoto wa jirani yetu. Mashavu tele, mikono yenye mikunjo, anang'aa mafuta. Mama yake alikuwa na ng'ombe wa maziwa na moyo wa kujionyesha, akaona fahari mwanawe kuombwa kila upande. Moraa akabadilishwa gauni, akabebwa njia ya migombani nyuma ya sahani, akawa mtoto wa huyu, kisha wa yule, na kila alikofika alikunywa kikombe cha maziwa.

Kwetu aliletwa awe mimi.

Maana mimi nilikuwa nimeharibika. Nywele zilikuwa nyekundu na nyepesi, tumbo mbele, uso na miguu vimevimba. Mwanzoni majirani walisema nimenenepa, wakampongeza mama. Baadaye wakaacha kupongeza wakaanza kunong'ona, kwamba nyumba ile ina jambo, kwamba mke yule huenda alifanya kitu. Mama alisikia. Hakuwa mwanamke mbaya, ila aliogopa midomo kuliko alivyoogopa maradhi, na hilo mpaka leo linaniudhi. Siku ya Sista alinibeba, akanilaza nyuma ya kiambaza cha fito, upande wa mbuzi, akanifunika shuka. "Usitikisike," akaniambia. Sikuwa na nguvu za kutikisika hata kama angeniomba.

Niliona kila kitu kwenye nafasi za fito. Sista aliingia, akaketi, akamtazama Moraa kwa muda.

"Mtoto huyu nimemwona mahali leo," akasema.

"Hapana, Sista," mama akajibu. "Watoto ya huku inafanana. Huyu ndio Kerubo yangu."

"Anakula vizuri?"

"Mzuri sana."

Sista akakoroga maziwa. Harufu yake ilinifikia kule kwa mbuzi, tamu, ya ajabu, na niliwachukia wote waliokuwa chumba kile. Akanyoosha kikombe. Moraa, aliyekuwa amejaa hadi kooni, akacheua na kugeuza uso ukutani.

"Kerubo," Sista akamwita kwa upole. "Kerubo, njoo unywe."

Moraa alitazama ukuta. Kwa nini ageuke? Hilo halikuwa jina lake.

"Kerubo!"

"Ee, mama," nikaitika.

Nilikuwa nimeambiwa nisitikisike. Kunyamaza ninapoitwa, sikuwahi kufunzwa. Sista akaweka kikombe chini, akazunguka kiambaza, akanifunua. Akaubonyeza mguu wangu kwa kidole gumba, akakiondoa, na shimo likabaki pale pale, halijai. Nalikumbuka shimo lile kuliko ninavyoukumbuka uso wake.

"Mama," akasema bila kupandisha sauti, "Kerubo ni nani?"

Mama alisimama akishika shuka. Nilimwona akitafuta "mzuri sana" mdomoni na kuikosa.

"Ni huyo," akasema, kisha akaanza kulia. "Huyo ndio yangu. Nisaidie, Sista."

Nilikunywa kikombe kile kidogo kidogo, nimepakatwa na Sista. Aliacha mfuko, akamfundisha mama kuponda maharage, akamwambia mayai hayaendi tena soko lolote. Alirudi mara nyingi, mvua au jua, hadi nywele zangu zikawa nyeusi. Wanawake wa mlima walimnunia mama kwa kuwavunjia heshima yao, heshima ya sahani za kuazima. Katika vibanda viwili vya jirani, baada ya hapo, kulitolewa watoto waliofanana na mimi. Mmoja alichelewa kutolewa, tukamzika. Mama yake ndiye aliyetajwa kwenye baraza, kwa usafi. Moraa, kwa upande wake, yuko hai Nyanchwa na wajukuu, na mpaka leo hanywi maziwa.

Siku hizi wahudumu wa afya bado wanazunguka, na vijana wanatucheka kwamba tulikuwa washamba, tunaficha watoto kwa mbuzi. Wao hawafichi, wanapiga picha. Mtoto anafutwa pua, anavishwa soksi zinazofanana na kofia, anapigwa picha kumi, inatumwa ile moja aliyocheka, na shangazi wote hadi Nairobi wanaandika amenona. Mhudumu akibisha, mama kijana anamjibu mlangoni, "Tuko poa," na mlango unafungwa. Nimeiona nyumba hiyo. Ni ya mwanangu.

Kwa hiyo nimekuwa mzee wa kuchosha, najua wanavyonisema. Nikifika penye mtoto mdogo sitaki kuonyeshwa simu. Sitaki chai kwanza. Nasimama mlangoni, namwita mtoto kwa jina lake, halafu nanyamaza, nisikie ataitika kutoka upande gani wa nyumba.