Nilipasha Pikapu ya Baba Moto Kabla Mnunuzi Hajafika

Nilimdanganya mama wa watu mbele ya nyumba ya babangu, na hakuna mtu aliyenisukuma. Sitaji jina. Kwetu Turbo watu wanajuana, na jina la baba nimeshalichafua vya kutosha.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na nne, naishi mjini, mtaa wa Huruma, kazi yangu ni kuosha magari. Ndoto yangu ni kuwa na yadi ya kuuza magari. Hata jina la yadi ninalo, na rangi ya kibao nilishachagua. Watu hunicheka, na mimi hucheka nao.

Mwaka huu daktari alimwambia baba macho yamefika mwisho, asiendeshe tena. Akanipigia simu, akasema nimuuzie pikapu yake. "Hii ndiyo gari yako ya kwanza kuuza," akaniambia. Wueh! Siku hiyo niliosha magari nikiimba.

Pikapu yenyewe ni ya dizeli na ilikuwa na shida moja tu. Asubuhi ya baridi haitaki kuwaka. Unapiga stata mara tatu, mara nne, inakohoa, inatoa moshi mweupe, ndio iamke. Ikishapata moto haina neno siku nzima.

Mnunuzi alikuwa Mama Faith, mwenye duka pale senta, anasali kanisa moja na baba. Bwana yake anaugua, na kila wiki lazima amfikishe hospitali ya misheni kule Plateau mapema. Akasema atakuja kuiona saa moja asubuhi kabla hajafungua duka.

Saa moja, mwezi wa saba! Nikajua nimeisha.

Nililala kwa baba. Kukipambazuka, yeye alipoenda kupeleka maziwa barabarani, nikaiwasha pikapu nikaiacha ingurume nusu saa. Nikaizima, nikaipanguza umande, nikakaa kando kama mtu aliyeamka sasa hivi.

Mama Faith alikuja amejifunga leso mabegani kwa baridi. Nikampa funguo ajiwashie mwenyewe, nikijiona mjanja kweli. Lakini akasema tuombe kwanza. Kwetu kitu kikubwa hakinunuliwi bila maombi. Akaweka kiganja juu ya boneti, akafunga macho.

Hakuomba. Alifungua macho, akaongeza kiganja cha pili.

"Kijana, hii gari imetoka wapi saa hii?"

Nikasema haijatoka, imelala hapo hapo. Nikasema labda ni jua. Jua gani, na nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa umande?

"Mzee alinieleza hii shida ya asubuhi," akasema polepole. "Nimekuja saa hii makusudi, nihesabu inawaka mara ya ngapi. Makanika wangu anasema ni plagi za kupasha injini tu. Sasa wewe unanificha nini kingine?"

Baba alikuwa amemwambia kila kitu. Gari ilikuwa imeshauzika, na hakuna aliyenijulisha kwa sababu hakuna aliyefikiria ningedanganya.

Hapo ningesema pole, Mama. Basi. Lakini nilikuwa naona yadi yangu inaondoka, na mdomo ukajiendea.

"Mama, usimsikilize mzee. Amezeeka, siku hizi anachanganya mambo."

Mama Faith alikuwa anaangalia nyuma yangu. Baba alikuwa amesimama hapo na mkebe wa maziwa mtupu. Macho yake ni mabaya, lakini masikio ni mazima.

Hakupaza sauti. Aliweka mkebe chini, akamsalimia Mama Faith, akamuuliza hali ya mgonjwa. Kisha akasema, "Mama, samahani umepotezewa asubuhi yako. Ni kweli nimezeeka."

Mama Faith akamrudishia baba funguo, si mimi. Akasema hana ubaya na baba, lakini hawezi kumweka mgonjwa kwenye gari ambayo watu wa nyumba moja wanaieleza tofauti. Akaenda zake.

Aki, ningetukanwa ningefurahi. Ningelia, ningeomba msamaha, tungemaliza. Baba hajawahi kuligusa hilo neno. Nikienda nyumbani ananimiminia chai, tunaongea habari ya mahindi. Nilijaribu kuomba msamaha mara moja, akaniambia chai itapoa. Na mimi sijalia. Naosha magari, nakula, nalala. Kile kibao sikifikirii tena.

Wewe unayeuza gari, au ng'ombe, au hata kuku, nisikilize. Mnunuzi akikushika na uongo, kubali hapo hapo. Usiongeze neno moja la kujitetea, maana hujui neno hilo litamwangukia nani. Aibu ya kukubali ni ya dakika moja. Hii yangu sijui itaisha lini.

Pikapu bado iko pale mbele ya nyumba. Kila nikilala kwa baba naiwasha asubuhi ikiwa baridi, mlango wa nyumba wazi, ili baba asikie. Jumapili iliyopita nilirudi ndani nikamwambia siku hizi ni afadhali, imewaka mara ya tatu.

Baba alipuliza chai yake.

"Kama sichanganyi," akasema, "ilikuwa ya nne."

Ilikuwa ya nne.