Kinyozi Anapoweka Wembe Chini

Kinyozi Mkatoliki wa Norrköping, Uswidi, hamwaliki mtu kanisani wembe ukiwa shingoni. Huuweka mezani kwanza, akafuta mikono ambayo tayari ni mikavu, kisha akarudi nyuma kidogo ili anayetaka kukimbia apate njia. Na wanakimbia kweli. Mji huu, afadhali umuulize mtu mshahara wake kuliko Mungu wake. Majuzi mteja mmoja alitoka na povu sikioni, hajarudi tena. Leo aliyekaa kitini ni Torsten, rafiki yake wa pekee tangu shule, amenyolewa shavu moja. Kinyozi akaweka wembe chini.

“Leo jioni tuna supu ya njegere kwa padri. Watu wanakula, wanauliza lolote kuhusu imani. Njoo, bwana.”

Torsten akamkazia macho kwenye kioo mpaka kinyozi akaanza kujuta.

“Nikikataa?”

“Namalizia shavu la pili, yanaisha.”

“Nikija, nitalazimishwa kuimba?”

“Wewe? Mungu apishe mbali, sauti yako naijua.”

Torsten hakucheka. Akaegemea kiti, akafumba macho.

“Nyoa basi. Siendi kwa padri na ndevu nusu.”