Damu ya Bi Shekha Chini ya Darubini

Katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya watalii mjini Malindi, hapakuwa na mtu wa maswali kama Bi Shekha. Miaka tisa alipiga pasi mashuka pale, na bado alitaka kujua kwa nini maji ya kisima hayatoi povu kama ya bomba. Wenzake walicheka, naye akaendelea kuuliza.

Mwaka wa 1986, Ramadhani ilipokwisha, alianza kuchoka ovyo. Akipanda ngazi nne tu moyo humwenda mbio, na viganja vyake vikapauka. Akaenda kwa daktari mmoja karibu na soko. Daktari akamfunua kope, akaandika karatasi ya vipimo, na muuguzi akamtajia bei: shilingi mia nne na ishirini. Karibu nusu ya mshahara wake.

"Mwanangu, vipimo vyenyewe mnavifanya hapa?" akauliza.

"La, Bi Shekha. Damu tunaipeleka maabara ya Bwana Mwambire, nyuma ya posta."

"Na nikiipeleka mwenyewe, ingali mwilini?"

Muuguzi akatabasamu, akamrudishia karatasi. "Hapana wa kukuzuia."

Hakwenda moja kwa moja. Kila mwezi hoteli ilimkata shilingi kumi na tano za matibabu, na hakupata kuambiwa zinakwenda wapi. Akapita kwanza kwa Kioko, karani wa hoteli, kijana kutoka Machakos. Kioko akatoa faili kabatini. Ndani mlikuwa na orodha: madaktari wawili, duka moja la dawa, na maabara ya Mwambire.

"Hawa hoteli imepatana nao," Kioko alisema. "Ukienda na barua yangu, unatoa shilingi ishirini, zilizobaki hoteli inalipa. Ukienda kwingine, ni juu yako."

"Mbona hamkutuambia?"

Kioko akajikuna shavu. "Hakuna aliyeuliza, Mama."

Akamwandikia barua.

Mwambire, mtu mwembamba wa Tezo, alimtoboa kidole, akapaka tone la damu juu ya kioo. Bi Shekha hakutoka. Aliomba atazame. Mwambire alisita kidogo, kisha akamsogezea kigoda mbele ya darubini.

Akaona viduara vingi, kama ushanga uliomwagika mkekani. "Ndiyo damu yangu hii?"

"Ndiyo. Tazama chembe zake zilivyopauka katikati." Akambadilishia kioo, akamwonyesha damu ya mtu mzima wa afya. Tofauti aliiona kwa macho yake.

Kesho yake alileta choo kidogo kama Mwambire alivyomwagiza, na humo Mwambire akakuta mayai ya minyoo. "Ni safura. Hawa huingilia nyayoni. Wewe hulima?"

Bi Shekha alikuwa na kishamba Sabaki, na siku zote alilima pekupeku. Alizitazama nyayo zake kwa muda mrefu, akitafuta wametobolea wapi.

Dawa alizipata katika duka la orodhani. Miezi miwili baadaye alipanda ngazi bila kupumzika. Alikuwa amekwisha kumshikilia Kioko mpaka akaiandika orodha ile kwa herufi kubwa na kuibandika mlangoni pa chumba cha kufulia. Jedida, mfuaji mwenzake aliyekuwa akiumwa na tumbo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba barua.

Siku moja Bi Shekha alirudi kwa Mwambire akiwa mzima kabisa.

"Unaumwa nini leo?"

"Siumwi. Nataka kujua damu mpya hutengenezwa wapi."

Mwambire akaweka kalamu chini. "Ndani ya mifupa," akasema, akamvutia kigoda.