Mkojo Haushuki Wenyewe

"Unateremka, baba! Kwani Mto Ruhuji unakamuliwa na nani?"

"Bibi, mkojo hauteremki, unakamuliwa," bwana mifugo akanijibu kwa sauti ile ile ya kubembelezea ndama. Akakishika kidole changu, akakiminya kidogo kidogo kutoka shinani mpaka nchani. Eti ndivyo mrija unavyojiminya wenyewe, unausukuma mkojo kutoka kwenye figo mpaka kibofuni, hata mnyama akilala miguu juu. Nikamwambia nilishamwona ng'ombe wa Ipelele akikojoa kupanda mlima. Hakucheka. Alikuwa anapasha viganja kwapani, kama afanyavyo kila mara kabla ya kumgusa mnyama, maana baridi yetu ya Makambako humshtua. Beberu wangu hakuwa amekojoa tangu jana. Kijiwe kilichoziba njia bwana mifugo alishakitoa, tukawa tunangoja tu. Asipokojoa kabla Haruni mchinjaji hajafika, ndiyo basi tena. Bwana mifugo akapiga magoti kwenye samadi, akamwekea beberu kiganja tumboni. "Mrija umeshafanya kazi yake, mzee," akamnong'oneza. "Wewe achia tu."

Nikafungua kinywa nibishe tena, Haruni akaingia na kisu. Bwana mifugo hakugeuka. Aliinua kidole tunyamaze, tukasikia kwenye majani makavu: ti, ti, ti.