Mkasi wa Kulwa

Kwenye kibanda cha kushona siti za pikipiki, barabara ya kwenda Ilembo, kulikuwa na mkasi unaning'inia msumarini, na ole wako uuguse. Siku moja Sikujua, dada anayeuza chai na chapati pembeni ya kibanda, aliuchomoa akatie kamba ya mzigo wa kuni. Doto, mwenye kibanda, alimrukia kama nyuki.

"Rudisha! Huo wa Kulwa!"

Chai ikamwagika, wateja wakaacha vikombe mdomoni. Sikujua naye si mtu wa kuonewa.

"Kwani Kulwa kafa? Mtu mzima yuko huko anachunga ng'ombe, wewe huku unamkalia matanga!"

Hapo alimgusa pabaya. Mtu akifa unazika, unalia, unanyoa kichwa, watu wanakula wali wanaondoka. Aliyehama je, unamfanyaje? Kila basi likipiga honi roho inaruka. Bora hata kaburi, unajua liko wapi.

Doto na Kulwa ni pacha, watoto wa mzee Nyanda wa Majimoto. Kwa Wasukuma jina halichaguliwi: aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto, yameisha. Waliingia Mpanda pamoja, wakapanga chumba pamoja, wakaanza siti pamoja. Kulwa anakata, Doto anashona. Hakuna aliyemfundisha mwenzake, maana kulikuwa na haja gani? Fundi alikuwa mmoja, mikono minne. Kulwa alikuwa wa mkono wa kushoto, na mkasi wake ukawa umezoea mkono huo kama mbwa anavyomzoea mwenye nyumba. Mtu mwingine akiushika, unatafuna kitambaa badala ya kukata. Alikuwa anakata huku anapiga mluzi, na Doto alikuwa anakanyaga cherehani kwa mwendo wa ule mluzi.

Kisha malisho ya Majimoto yakabana. Mzee Nyanda akaamua kuswaga ng'ombe kwenda kusini, upande wa Lindi, akataka kijana wa kwenda naye. Akamtaka Kulwa kwa sababu ndiye mkubwa. Mkubwa wa nini, kamzidi mwenzake muda wa kuchemsha uji!

"Nawafikisha tu narudi," Kulwa alisema. Akatundika mkasi, akaondoka. Mvua zikaja zikaisha, zikaja tena.

Alichoacha ni maboksi. Kila aina ya siti alikuwa kaikatia umbo lake kwenye boksi, kaandika kwa mkaa: hii ya Boxer, hii ya zile za Kichina. Doto alikuwa anaweka boksi juu ya kitambaa, anafuata ukingo taratibu kwa kisu, anashona. Ilienda vizuri mpaka pikipiki za toleo jipya zilipoingia mjini. Siti zake ndefu, zimebonyea katikati, boksi la Kulwa halikai. Wakija wenye pikipiki hizo, Doto anawajibu bila kuinua kichwa: "Hiyo hatushoni."

Hatushoni! Yuko peke yake kibandani, anasema hatushoni.

Wateja wanavuka barabara kwa Method. Huyu Method, kijana wa Kifipa, anakata kwa jicho tu, chaki mara moja na mkasi unatembea. Ila mshono wake ni balaa, mwezi hauishi siti imefunguka mdomo. Doto alikuwa anamwita mwizi, kwa sababu siti ya mstari mwekundu aliyoibuni Kulwa, Method aliiangalia kutoka ng'ambo na wiki ileile akaitoa ya kwake. Tangu hapo hawakusalimiana. Wanaangaliana tu, barabara katikati, kila mtu na vumbi lake.

Basi, Marsela, afisa maendeleo ya jamii wa kata, alikuja kunywa chai kwa Sikujua, akasikia sindano ya Doto ikikatika. Ile cherehani ya miguu ilikuwa ya nguo za shule, si ya siti. Ikifika kwenye kona nene, tap! sindano kwaheri.

"Mwanangu, unateseka bure," Marsela alisema. "Halmashauri safari hii inawapa vikundi vya vijana vifaa vya kazi. Cherehani kubwa ya kushonea ngozi imo. Jikusanyeni watu watano wa kazi moja. Lakini nitakuja niwaone kwa macho yangu, sitaki majina ya hewani."

Doto hakulala vizuri. Cherehani ile aliiota hata mlio wake. Akamchukua Gervas anayemuuzia sponji, akamchukua Candide anayechomelea vyuma vya siti vilivyovunjika. Sikujua akasema na yeye yumo, kujaza sponji hakumshindi.

"Wa tano Kulwa," Doto akasema.

"Kulwa yupi?" Sikujua akadakia. "Muweke Method."

"Bora niweke mbuzi!"

"Basi tumuazime shemeji yangu siku hiyo tu. Watu wanaazima wanachama kama masufuria ya msiba, wewe unajifanya malaika?"

"Nimesema Kulwa anakuja. Nimempigia, amesema anakuja. Umeelewa?"

Ni kweli alisema. Kulwa kila akipigiwa alikuwa anasema hivyohivyo, nakuja mdogo wangu, na Doto kila mara aliamini upya.

Siku ya ukaguzi Doto aliamkia stendi. Basi likaingia, watu wakashuka na mabegi na kuku. Akamwona mmoja, mrefu, kofia ya wachungaji, kashika begi kwa mkono wa kushoto. "Kulwa! Oya, Kulwa!" Yule mtu akageuka. Mzee wa watu, ana ndevu nyeupe. Doto akajifanya alikuwa anamwita mwingine, akarudi kwa miguu anapiga mawe mateke njia nzima.

Marsela akafika amepanda bodaboda, toleo jipya, siti imechanika katikati.

"Naona wanne. Wa tano?"

"Yuko njiani, mama."

"Njiani wapi?"

"Lindi."

Gervas aliangua kicheko mpaka akainama. Marsela hakucheka.

"Lindi si njiani, mwanangu. Haya, tuyaache hayo kwanza. Nyie si mafundi siti? Hii niliyoikalia imenifinya mapaja kutoka ofisini. Ishoneni nione."

Doto akapekua maboksi. Akaweka moja, fupi. Akaweka jingine, pana. Akayarusha yote chini, akatoka nje, akapiga simu. Upepo ukaanza kuvuma sikioni, na kengele za ng'ombe.

"Mkubwa, uko wapi? Watu wamefika!"

"Doto, nilishindwa kukwambia. Nimeoa huku. Mke wangu ni mjamzito."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siji. Kata mwenyewe."

"Kukata ni kwako!"

"Ilikuwa. Mtafute mtu anayejua, mdogo wangu. Pikipiki hazinisubiri mimi."

Doto akataka kuitupa simu barabarani, gari ipite juu yake. Badala yake akaingia ndani, mbele ya watu wote, akachomoa mkasi msumarini. Hata Sikujua aliziba mdomo. Akaushika kwa kulia, ukatafuna kitambaa. Akahamishia kushoto, mkono wake wenyewe ukakataa. Kitambaa kikatoka kimeliwa kama na panya. Akasimama nacho pale, macho yamekuwa mekundu.

Kisha akaurudisha mkasi msumarini. Akafungua siti ya bodaboda, akaibeba begani, akavuka barabara.

Method alikuwa kakaa, kaona kila kitu.

"Karibu bosi. Leo umepotea njia?"

"Nikatie."

"Nikukatie mimi? Si mi mwizi?"

"Mwizi ndiyo. Ila unajua kukata."

Method akacheka kwa pua. "Na wewe mdomo wako unanuka ubaya, Msukuma. Ila nikwambie kitu, siti yako moja niliifumua usiku nione unashonaje ile kona. Nikashindwa. Nikaitupa."

"Uliniibia na siti?"

"Niliinunua, bwana! Na hela yangu!"

Doto alitaka kukasirika, ikagoma. Method akachukua chaki na mkasi wake, wakavuka wote. Akaangalia siti mara moja, akapinda kichwa, akakata. Hakupiga mluzi. Doto akakanyaga cherehani bila mluzi, miguu ikawa inasitasita kama mtu anayecheza ngoma asiyoijua. Kwenye kona nene sindano ikakatika, tap! Akaweka nyingine. Alipomaliza, Marsela akakaa juu ya ile siti, akajitikisa huku na huku.

"Sindano nimeiona, na siti nimeikalia," akasema. "Kilichobaki ni wa tano. Ni nani?"

Watu wote wakamwangalia Doto. Yeye alikuwa anaangalia barabara, upande wa stendi.

"Method," akasema. Kwa sauti ndogo, mpaka Marsela akamwomba arudie.

Cherehani ilikuja, haikukawia sana. Nzito, inashushwa na wanaume wanne, mlio wake mnene unasikika mpaka ng'ambo. Kwenye kona nene inapita kama kwenye siagi. Method alihamishia chaki zake upande huu, na wanagombana kila siku, hasa kuhusu mstari mwekundu ni wa nani.

Jumapili moja Kulwa akapiga mwenyewe.

"Nani anakata?"

"Method."

"Yule mwizi?"

"Huyohuyo."

"Anajua?"

"Anajua."

Kule upepo ukavuma. "Na mkasi wangu umempa?"

"Upo msumarini."

"Utashika kutu."

"Naupaka mafuta kila Jumamosi."

Hakuna aliyekata simu. Doto akaibana kwenye sikio. Kati ya kengele zote za ng'ombe kule alikuwa anaisikia moja yenye mlio wa kupasuka, ile waliyomfunga ndama wao wakiwa wadogo Majimoto, yeye kamshika masikio, Kulwa kafunga kamba. Kumbe yule ng'ombe bado yupo.

"Oya, Msukuma!" Method aliita kutoka ndani. "Nimeshakata, njoo ushone!"

Doto akamwinulia mkono, asubiri.