Mwantumu na Vitabu Visivyo na Mwisho

Dada yangu Mwantumu akipewa kitabu cha hadithi haanzi mwanzo. Anakigeuza kwanza atazame kama ukurasa wa mwisho upo. Hausomi, anautazama tu, kisha anakifunga na kurudi ukurasa wa kwanza. Vitabu anavyouza Filbert pale karibu na stendi ya Nachingwea, kwenye turubai moja na viatu vya mtumba, hutufikia vikiwa vimeshapita mikono mingi, na vingi vimechunika nyuma. Kuna hadithi za mapenzi ambazo dada mpaka leo hajui kama wale wawili walioana. Ukimkumbusha mojawapo anakasirika upya, utadhani mwandishi ni jirani yetu.

Tulizaliwa Kilimarondo, ambako tembo wanalijua shamba lako kuliko unavyolijua wewe. Kazi ya dada ilikuwa kukaa juu ya dungu kufukuza nyani. Alikuwa anapanda na kitabu. Mara moja nyani walimaliza upande mzima wa mahindi huku yeye yuko juu anamlilia binti mfalme aliyegeuzwa mti. Baba alipomuuliza nyani walikuwa kundi kubwa au dogo, akajibu hakuwaona nyani wowote. Alichapwa, na kesho yake akapanda tena na kitabu kilekile, maana binti mfalme alikuwa bado mti.

Hachagui. Mapenzi anasoma, falme za majini na watu wenye mabawa anasoma, na zile za dunia iliyokwisha, watu wachache wamebaki wanatafuta maji kwenye miji mitupu, anazisoma kwa raha kabisa huku anakula. Mimi mambo ya dunia kwisha yananikosesha usingizi. Yeye anasema humo ndimo unamjua mtu vizuri, kwa sababu hana tena pa kujificha.

Alipoolewa na Jamali akahamia mjini Nachingwea, na mimi nikaja kuolewa na Masoudi nyumba ya jirani. Jamali ni mpulizaji. Anabeba mashine ya salfa mgongoni, anazunguka mashamba ya watu kupuliza mikorosho. Wakati ule kusoma kwake kuliishia kwenye matokeo ya mpira. Dada alianza kazi ya kubangua korosho, na hapo ndipo vitabu vilipompa shida. Maganda ya korosho yana mafuta meusi yanayounguza. Unajipaka majivu, lakini vidole vinabaki vyeusi na ngozi inabanduka. Akishika ukurasa anaacha doa. Mwanawe Habibu na vijana wenzake walimwekea hadithi kwenye simu, simu nayo ikawa haimsikii kidole. Ikawa kitabu kipo hapo kando ya karai, mikono haifai, na yeye anakitazama kwa kiu.

Jamali akakiokota. Nilikuwepo. Alisoma taratibu, anajikwaa, na penye maneno ya mahaba aliona haya akayapitia mbio. Dada alimwambia, "Rudia hapo, umekimbia." Akarudia. Ukawa ndio mtindo wao kila alasiri akiwa nyumbani: dada anabangua barazani, mume anasoma, na sauti yake ikanyooka mpaka wapita njia wakawa wanapunguza mwendo. Akimsomea mtu na muda ukaisha, hukunja pembe ya ukurasa. Akisoma peke yake huweka kijiti cha kiberiti. Dada alikuwa anamkaripia kwa kuvunja pembe za vitabu. Jamali alimjibu kwamba kijiti kinadondoka, na kwamba mahali pa msikilizaji hapatakiwi kupotea.

Nisiwafiche, nilikuwa na wivu. Bado ninao. Masoudi ni mtu mwema, analeta nyama, hajawahi kuninyooshea mkono. Lakini hajanisomea hata maandishi ya kwenye mfuko wa sukari. Nilikuwa natoka na ungo wangu najifanya napepeta mchele karibu na uzio wao, mchele umeshakuwa safi tangu asubuhi. Masoudi akiniuliza mbona mchele unachelewa, namwambia una mawe.

Jamali alipooa mke wa pili, Shamimu wa Ruangwa, hakujificha. Alileta habari mwenyewe, akaleta na wazee. Dada alinuna, akalia, kisha akasema sheria ni sheria, ila ashike usawa. Na kweli alishika. Doti ya khanga ikinunuliwa, zinanunuliwa mbili, rangi moja. Zamu hazikuvuka. Hata mafuta ya kupikia, dumu lilikuwa la ukubwa mmoja. Dada alikuwa anakagua kwa jicho kali, na hakuona kosa.

Kitu kimoja tu kilibadilika, na hakukitilia maanani. Vitabu vya mapenzi viliacha kuja. Jamali alianza kuleta vya dunia iliyokwisha. Kile cha mwaka huu kilikuwa na watu wanne na mbwa, wanatembea kwenye nchi iliyofunikwa na majivu, wanatafuta kisima walichosikia kipo. Dada alikipenda. Mbwa alipoumia mguu hakubangua korosho siku nzima.

Sasa siku hiyo Jamali katoka Ruangwa, kaoga, kala, kaketi kwenye mkeka barazani. Kafungua kitabu cha majivu, kakohoa kidogo, akasema, "Haya, tuliishia pale Rehani alipomvalisha Zuhura pete chini ya mlimao."

Jiwe la kubangulia lilisimama hewani. Mimi na ungo wangu nikaganda.

"Kwetu hakuna Rehani," dada akasema. "Kwetu kuna watu wanne na mbwa. Na milimao yote imekauka."

Jamali akacheka cheko la kujiokoa, akasema amechanganya na mchezo wa redio. Akasoma. Dada alimwacha asome. Hakumwambia arudie popote, na mimi ninayemjua nikajua mambo yameharibika.

Alipoondoka, alituaga anakwenda Nanganga kupuliza shamba la mtu, kazi ndefu. Asubuhi iliyofuata dada alikuja kwangu amevaa khanga mpya, kitabu cha majivu kakitia kwenye kipochi, vidole kavisugua kwa mchanga mpaka vinatoka damu.

"Vaa twende Ruangwa," akasema. "Nke mwenzangu anasomewa mapenzi."

Dada akiwa shwari anaongea Kiswahili cha shuleni. Akikasirika, kinarudi Kilimarondo, mtu anakuwa ntu na mke anakuwa nke. Nilivaa bila kuuliza. Njiani alisema mara moja tu, akiwa anatazama nje, "Mapenzi yalikuwa yangu, Amna. Kusoma kwenyewe nilinfundisha mimi. Alikuwa hajui hata kupumzika kwenye nukta." Nilikuwa naona aibu kwa niaba ya Jamali, na nilikuwa natamani nimchape.

Shamimu tulimkuta kwenye cherehani, anashona sare za shule. Ni binti mwembamba, anaongea polepole. Alisimama upesi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Alitutandikia mkeka, akaleta chai na mihogo. Mikono yake ilikuwa misafi, kucha zina hina. Dada aliitazama sana ile mikono. Nilijua anachofikiri: huyu anaweza kushika kitabu mwenyewe, ya nini kusomewa? Kitabu chenyewe kilikuwa juu ya meza ya cherehani, jalada lina mwanamke wa shela la kijani. Dada alikichukua bila kuomba, akakigeuza, akatazama nyuma. Mwisho ulikuwepo. Hapo ndipo uso wake ulipoharibika.

"Rehani ndio huyu," akasema.

"Ndiye," Shamimu akajibu.

"Anakusomea wewe mahaba. Mimi ananisomea ntu anachemsha ngozi ya kiatu ale. Ndio usawa huo?"

Nilidhani Shamimu ataona haya au ataringa. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Badala yake alikaa chini, akaliona jalada la kitabu cha majivu likichungulia kwenye kipochi, na macho yake yakabaki hapo.

"Ndicho hicho?" akauliza. "Nimemwomba anisomee mpaka nimechoka, dada. Anasema hicho cha nyumba kubwa, kina mambo mazito, mimi sitakiweza. Mimi ananileteaga hivi. Vyote vinaishia harusini. Watu wakishaoana, kitabu kwisha, hakuna anayesema mwaka wa pili walikula nini." Alivuta uzi uliokuwa unaning'inia kwenye khanga yake. "Nimeshajiuliza mara nyingi. Dunia ikiisha kweli, atakimbilia nyumba ipi? Nikaona jibu ndilo hilo. Wewe anakusomea habari za kubaki. Mimi ananisomea habari za kuanza."

Dada alikuwa amekuja na maneno yake amepanga. Alikunywa chai. Akakitoa kitabu cha majivu akamsukumia Shamimu, na kile cha shela la kijani akakivuta upande wake, na kwa muda wakawa wanafunua kila mmoja cha mwenzake, wanatazama pembe zilizokunjwa. Nami nikala mihogo. Niliwaonea wivu wote wawili, wanagombania sauti ya mwanamume mmoja, na mimi ninaye wangu mzima anayekoroma.

"Sasa mbwa alipona?" Shamimu akauliza.

"Usiniulize. Soma."

Walikuwa karibu kucheka. Ndipo Shamimu, kwa nia njema kabisa, akasema, "Kumbe na kile chako kingine uondoke nacho. Alikisahau kwenye begi jana, gari ya salfa ilipompitia hapa."

"Changu kipi?"

"Kile cha malkia wa majini."

Akaingia ndani, akarudi na begi la nguo za kazi, linanuka salfa, akatoa kitabu kinene. Jalada lina mwanamke mwenye mabawa kapanda mamba. Dada alikipokea. Alikigeuza, mwisho upo. Akakifungua mwanzo, akaanza kufunua polepole, na kila baada ya kurasa kadhaa kulikuwa na pembe iliyokunjwa na kurudishwa. Kukunjwa, kurudishwa, mpaka kupita katikati. Hakukuwa na kijiti cha kiberiti.

"Si changu," dada akasema.

"Na mimi si changu," Shamimu akasema. "Nilijua ni chako."

Dada alikifunga kitabu, akakiweka mapajani.

"Amekwenda wapi safari hii?" dada akauliza.

"Likunja."

"Mimi kaniambia Nanganga."

Shamimu alijifunika mdomo kwa khanga. Mimi nilisema neno ambalo siwezi kuliandika, na hakuna aliyenikaripia. Lakini dada alikuwa ametulia, na utulivu ule ulinitisha. Mtu huyu hajawahi kukunja pembe ya kitabu maishani mwake. Vikichanika anavigundisha kwa uji mzito wa muhogo, anaviweka chini ya jiwe vikauke. Alifungua kile cha malkia wa majini nyuma kabisa, akazishika kurasa za mwisho zote kwa pamoja kwa vidole vyake vyeusi, akazinyofoa.

"Dada," Shamimu akasema.

"Rudisha kwenye begi. Nnyamazie."

Nilimuuliza njiani kama atazisoma. Alinitazama kwa dharau. Atasomaje mwisho bila kusoma mwanzo? Alipofika nyumbani alizikunja akazitia kwenye kopo la majani ya chai, akafunika. Jamali aliporudi alipokewa vizuri, akapewa maji ya kuoga, akala, akasoma habari za majivu mpaka watu wanne walipokiona kisima. Dada alibangua korosho zake. Hakumuuliza lolote, wala Shamimu hakumuuliza. Mimi nilitamani nimuulize kutoka kwenye uzio, dada akanikatia jicho.

"Huenda alikuwa anajisomea tu," aliniambia siku moja, tukiwa tunaanua nguo. "Huenda vijiti vya kiberiti vilikwisha." Nikakubali. Nilimwona anavyotaka niseme ndiyo, nikasema ndiyo.

Msimu wa kupuliza ulikuwa unaelekea mwisho tulipopita kwa Filbert, dada akitafuta kitabu kipya. Filbert alimfurahia.

"Mama Habibu, bahati umekuja. Mwambie mzee kile alichoagiza sijakipata bado. Mpaka Masasi nimeulizia."

"Kaagiza nini?"

"Kile cha malkia wa majini. Anataka nakala nyingine, yenye mwisho. Ya kwake imenyofoka, anasema." Filbert alipangusa kiatu kimoja, akakirudisha kwenye mstari. "Anakitaka haraka, kila akipita ananisumbua. Eti nyumbani kuna mtu hamsemeshi mpaka ajue malkia alipona au alikufa. Nikajua ni wewe. Nani mwingine?"

Nilimshika dada mkono. Hakuutoa. Alikuwa ameshaokota kitabu kimoja pale chini, kakigeuza, anatazama nyuma kama mwisho upo.

"Kwa hiyo ntu yupo," akasema.