Jirani Niliyemposa

Fundi wa mtaani amenyunyizia gauni langu maji na kuweka pasi ya mkaa, na harufu ya ule mvuke imenirudisha Temeke ya utotoni.

Jirani yetu, mwalimu kutoka bara, alikuwa akipiga pasi kaptura yake barazani, nami nilimpenda kuliko halua.

"Shikamoo, mwalimu. Nikikua utanioa?" nilimwuliza siku moja.

Mama aliona haya, lakini yeye hakucheka. "Marahaba, binti. Ukikua mie nitakuwa kibogoyo. Njoo kwanza usome."

Jioni mwalimu alimfuata baba, ambaye hakutaka kusikia habari ya mtoto wa kike na shule. Walizungumza mpaka kahawa ikapoa.

"Kesho uoge mapema, unakwenda shule," baba aliniambia hatimaye.

Asubuhi nilimfuata mwalimu mchangani, nikikanyaga palepale alipokanyaga.